Baraza la wanafunzi na fomu ya chuo: maswali yenu

Swali: Binti yangu yuko darasa la 10 hapa Columbus, Ohio. Uchaguzi wa baraza la wanafunzi ni mwezi ujao, na wenzake wanamwambia asipokuwa rais hatapata chuo kizuri. Akitoka shule huwachukua wadogo zake wawili, huwapikia na kukaa nao mpaka nirudi kutoka kazini. Agombee?
*Mama wa watoto watatu*

Jibu: Mama, wanamtisha bure. Ofisi ya udahili huanza na maksi za sekondari na ugumu wa masomo aliyoyachukua. Shughuli za nje ya darasa hufuata, na uzito wake hutofautiana chuo kwa chuo. Msikisie: tafuteni kwenye intaneti jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set, kisha mfungue jedwali C7. Hapo chuo chenyewe kimejaza kama shughuli hizo ni muhimu sana, ni muhimu, zinaangaliwa tu au hazihesabiwi.

Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi vya Marekani huipokea, ina nafasi 10 za shughuli. Kila moja ina herufi 50 za cheo, 100 za jina la kikundi na 150 za maelezo, pamoja na saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Neno “Rais” linamalizika kwa herufi nne. Kazi iko kwenye zile 150. Wengi huandika: “Nilikuwa kiongozi mchapakazi na niliisaidia shule yangu kupiga hatua.” Msomaji wa fomu hapati kitu hapo. Linganisha na hii: “Niliongoza wajumbe 12, nilisimamia bajeti ya dola 1,800, tulipata basi la jioni kwa wanamichezo.” Aliyefanya kazi hiyo akiwa katibu anasomeka vizuri kuliko rais asiye na la kusema.

Na hao wadogo zake? Fomu hiyohiyo ina kundi la majukumu ya familia. Familia zetu nyingi hulipita, maana kwetu mtoto mkubwa kulea wadogo ni wajibu tu, hakuna anayemsifu kwa hilo. Tafadhali aandike! Saa tatu kila siku ya shule ni saa 15 kwa wiki, kwa takriban wiki 36 za mwaka wa masomo. Afisa anayeona hayo anaelewa pia kwa nini binti hana klabu tano.

Akitaka kugombea kwa moyo wake, agombee, na tungemshauri nafasi ya mweka hazina: kazi ina hesabu za kuonyesha, na mara nyingi wagombea huwa wachache. Aichukue fomu ya kugombea mapema na asome masharti yote: wastani wa maksi unaotakiwa, saini za walimu, siku ya kuanza kubandika mabango. Wapo wanaoenguliwa kwa sababu ya bango lililotundikwa siku moja kabla ya ruhusa. Hotuba ya dakika mbili ni maneno kama 250. Aisome kwa sauti huku saa ikihesabu. Asiahidi kubadili saa ya kuanza masomo, kwa kuwa hilo huamuliwa na bodi ya elimu ya wilaya. Ahadi moja ndogo iliyo ndani ya uwezo wa baraza inatosha, na mwakani itakuwa na matokeo ya kuandika.

Swali: Mimi ni rais wa wanafunzi katika shule ya bweni Kenya, kidato cha nne. Cheo hiki kitanisaidia?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Mwanetu, kwa KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni Kenya, hapana: wao hupanga kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, na pointi za kundi la masomo. Kwa hiyo usikubali mikutano imalize muda wa prepu, yaani wa kujisomea. Ukiomba Uingereza kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi ya vyuo vikuu, maelezo binafsi sasa yana maswali matatu, yenye herufi 4,000 kwa jumla. Uongozi unakaa kwenye la tatu, na lazima uuhusishe na kozi unayoomba. Ukiomba Marekani, kumbuka msomaji wa fomu huenda hajui maisha ya bweni. Usiandike “nilisimamia nidhamu”. Andika mabweni mangapi, wanafunzi wangapi, na malalamiko yao yalimfikia mwalimu mkuu kwa njia gani.

Swali: Mwanangu ameshindwa uchaguzi kwa kura chache na sasa hataki hata kuisikia shule. Aandike kwamba aligombea?
*Baba, Minneapolis*

Jibu: Baba, mpe siku chache apoe. Kugombea peke yake kusichukue nafasi kati ya zile 10, ila kunaweza kuingia kwenye insha kama kuna jambo halisi alilojifunza. Kisha amfuate mwalimu mlezi wa baraza aulize kamati zipi ziko wazi, kwani shule nyingi huchukua wajumbe wa kamati bila kura. Kama kampeni yake ilikuwa juu ya vitabu vya maktaba au usafiri, alishike jambo hilo hilo sasa, aweke tarehe na idadi kwenye daftari kila wiki. Fomu mpya ya Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na asiyeandika mapema hujikuta akikisia saa zake. Saa za kukisia zikijumlishwa, mara nyingi zinazidi muda ambao mwanafunzi anao kwa wiki, na mshauri wa shule anaweza kuulizwa.