Maswali na Majibu: Nakala za Chupa Bapa za Kale

Swali (Arua): Nimenunua mjini Kampala chupa bapa ya rangi ya kaharabu yenye sura ya George Washington. Muuzaji ameniapia kwamba ni ya mwaka 1850, kwa kuwa kitako chake kina kovu. Je, nimwamini?

Jibu: Kovu peke yake si ushahidi. Hubaki pale fundi anapobandua fimbo ya chuma aliyoigandisha kitakoni ili aishike chupa wakati wa kumalizia mdomo, na waliopuliza nakala katika karne ya 20 walifuata njia hiyo hiyo, wakiwemo mafundi wa kiwanda cha ndugu wa Clevenger kilichoanzishwa mwaka 1930 huko Clayton, New Jersey. Chukua lenzi, geuza chupa, utazame ukingo wa kitako. Chupa iliyosogezwa rafuni kwa miongo mingi huwa na mikwaruzo myembamba inayokwenda kila upande, tena pale tu inapogusa meza. Iliyosuguliwa kwa msasa huwa na mistari inayoelekea upande mmoja, na mara nyingi msasa huingia hata kwenye bonde la katikati, ambako meza haikuwahi kufika. Ukiona sehemu ya kitako imesagwa hadi ikafifia kama ukungu, shuku kwamba palikuwa na alama ya kiwanda. Kumfutia fundi alama yake ili kazi yake iuzwe kuwa ya kale ni wizi kwa mnunuzi na kwa fundi pia, na nawasihi wasomaji wasiinunue chupa ya namna hiyo hata kwa bei ya kutupa.

Swali (Jinja, na wengine wengi): Chupa yangu ina thamani gani?

Jibu: Bila picha ya kitako, picha ya mdomo na kimo kwa sentimita, siwezi kusema lolote, na jambo hili limekwisha andikwa katika safu hii zaidi ya mara moja.

Swali (Mbale): Chupa yangu yenye umbo la kibanda imeandikwa 1840 kwenye paa. Ndio umri wake?

Jibu: Sio. Chupa asili za E. G. Booz, mfanyabiashara wa pombe wa Philadelphia, zilipulizwa katika kiwanda cha Whitney huko Glassboro kwenye miaka ya 1860 hivi, zikiwa tayari na mwaka huo juu ya paa, na waliozinakili baadaye waliuchukua pamoja na maandishi mengine. Mwaka uliomo kwenye kalibu utatokea kwenye kila chupa inayopulizwa ndani yake, iwe ya jana au ya juzi.

Swali (Mbarara): Naweza kuhifadhi waragi ndani ya nakala yangu?

Jibu: Usifanye hivyo. Hujui rangi ya kioo hicho imetokana na nini, wala kilitengenezwa kwa ajili ya chakula au pambo. Usikioshe kwa maji ya moto pia, kwa kuwa unene wake hauko sawa na kinaweza kupasuka.

Swali (Kampala): Wenzangu wanasema kukusanya nakala ni kupoteza fedha. Una maoni gani?

Jibu: Wenzako hawajaiona kazi ya Emil Larson, ambaye katika miaka ya 1930 alipuliza huko Vineland, New Jersey, chupa bapa za mtindo wa Stiegel, mtengenezaji vioo wa Marekani wa karne ya 18, kwa ustadi uliofanya wakusanyaji wazitafute kwa jina lake mwenyewe. Nakala nzuri unaishika, unaupima uzito wake mkononi, unayaona mapovu na mawimbi ya kioo kwa karibu, jambo ambalo kabati la makumbusho halikuruhusu. Wala si lazima uagize Marekani: mafundi wa Kitengela, karibu na Nairobi, na wa karakana iitwayo Shanga, Arusha, hupuliza vioo vilivyokwisha tumika. Mchoree fundi umbo unalotaka, mwambie asilisage kovu, na kabla hujalipa mwombe achonge jina lake na mwaka kitakoni. Akikataa, mtafute mwingine.