Ngozi ikibadilika ukielekea ukomo wa hedhi: punguza kwanza, usiongeze kitu

Dada, hiyo asidi usiipake leo. Wala kesho. Mpango uliouandika ni ule ule ulioniunguza mimi uso, na siwezi kukaa kimya nikiuangalia. Umesema una miaka 46, hedhi inaruka miezi, uso unavutana ukimaliza kunawa, chunusi zimerudi kidevuni na mashavuni yameanza madoa. Sasa unataka kuanza tona ya asidi ya glaikoli, ile inayochubua ngozi, kila usiku, retino (dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A) ya nguvu juu yake, na skrabu kila mwisho wa wiki "ili kuiamsha ngozi". Umeuliza pia kuhusu nywele zinazokatika. Tuanze na hilo la kuiamsha ngozi, maana ndilo litakalokuumiza.

Ngozi yako haijalala, imepungukiwa. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo iliyokuwa inaisaidia kutengeneza kolajeni, ile protini inayoipa uimara, kushika maji, kutoa mafuta yake yenyewe na kupona haraka ikikwaruzwa. Kipindi hiki cha perimenopozi, yaani miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi, homoni hiyo haishuki taratibu. Inapanda, inaporomoka, inapanda tena, ndiyo maana wiki hii uso umetulia na wiki ijayo unawasha bila sababu unayoijua. Mafuta ya ngozi yanapungua, na zile seramidi zinazoziba nafasi kati ya seli za tabaka la juu nazo zinapungua. Hapo maji yanatoka kirahisi na vitu vya kuwasha vinaingia kirahisi. Seli za juu, ambazo ujanani hujibadilisha kwa kama siku 28, sasa zinachukua muda mrefu zaidi. Ukiichubua ngozi iliyo katika hali hiyo, unaondoa kitu ambacho itachelewa sana kukirudisha.

Na usidanganyike na chunusi za kidevuni. Estrojeni ikipungua, androjeni, homoni zinazoitwa za kiume ingawa nasi tunazo, zinapata nafasi ya kufanya mambo yake, ndipo zinatoka hizo za ndani ndani kwenye taya na kidevu, zinauma ukizigusa, huku mashavu yako yanapasuka kwa ukavu. Mtu akiziona anafikiri mafuta yamezidi, anaanza kukausha uso mzima. Hapo ndipo shimo lilipo.

Mimi nilitumbukia kwa sababu nilisukumwa. Kuna mtu wa video, jina lake nalihifadhi, anajiita mtaalamu wa ngozi, na nikimwangalia sidhani kama hata miaka 30 alikuwa ameifikisha. Alikuwa anafundisha kwamba ngozi ya mtu mzima inakuwa sugu, kwa hiyo inataka vitu vikali zaidi, na kwamba ukisikia inachoma ujue dawa inafanya kazi. Jamani! Kama kuchoma ndiko kufanya kazi, pilipili ingeuzwa kwenye vichupa vya krimu za uso. Nikaenda dukani na orodha yake. Muuzaji naye, badala ya kuniuliza ngozi yangu ikoje, akaniambia kwa umri wangu retino yenye asilimia ndogo haitanifaa, nichukue ile ya juu kabisa. Hakuniuliza hata kama nina uwezekano wa kuwa mjamzito, na retino ni kitu ambacho mjamzito hatakiwi kukigusa. Nitarudi kwenye hilo, maana linakuhusu.

Basi nikavianza vyote pamoja. Nanawa kwa sabuni yenye povu jingi, napangusa asidi kwa pamba, na uso ukiwa bado na majimaji napaka retino juu yake. Pembeni mwa pua palikuwa panachoma hadi machozi yanatoka, na mimi navumilia kwa sababu nimeambiwa ndivyo inavyotakiwa. Baada ya muda mfupi mashavu yakaanza kung'aa. Watu wakanisifu! Lakini ukisogea karibu na kioo unaona ule mng'ao ulivyo: ngozi imebana, imekuwa nyembamba, ukitabasamu inajikunja vimistari vidogo vidogo visivyokuwepo awali. Hiyo ni ngozi iliyochubuliwa tabaka lake la juu, na mimi nilikuwa naishangilia.

Kisha maji matupu yakaanza kuchoma. Losheni niliyoitumia miaka bila shida ikaanza kuchoma. Pembe za mdomo zikabanduka. Na nikwambie kitu ambacho hata maelezo ya kwenye boksi hayasemi: ngozi nyeusi ikiungua, usikae unasubiri wekundu. Wangu haukuonekana. Nilichoona ni weusi wenye kama zambarau ndani yake, na nikiweka kiganja shavuni nasikia joto. Nikamwandikia yule mtu wa video. Akanijibu kwamba ngozi inatoa uchafu, niendelee tu. Jibu hilo ndilo lililonigharimu kuliko vyote, kwa sababu niliendelea.

Naomba hapa unisikilize vizuri. Ni kweli retino inaweza kuzitoa chunusi kwa wingi wiki za mwanzo, na zinatokea pale pale ambapo huwa unazipata siku zote. Lakini uso mzima kuchoma, kubanduka na kuwa na joto si uchafu unaotoka. Ni jeraha. Ngozi yenye melanini (rangi ya asili ya ngozi) nyingi ikijeruhiwa inajibu kwa kumwaga rangi, na palipoungua panabaki doa jeusi. Tena asidi ya glaikoli inaifanya ngozi iumizwe na jua kirahisi, na mimi sanskrini, krimu ya kukinga jua, nilikuwa nimeiacha kwa sababu nayo ilikuwa inachoma. Nilianza na ukavu na chunusi chache, nikaishia na mabaka kutoka shavuni hadi kwenye taya, na yalikaa zaidi ya mwaka. Pesa iliyokwenda kuyatibu ilizidi mbali ile ya chupa zote nilizonunua.

Daktari wa ngozi aliponiona hakuniandikia kitu kipya siku hiyo. Alinipokonya vyote. Na hiyo ndiyo kanuni ninayotaka uishike hata ukisahau kila kitu kingine nilichoandika: ngozi ya kipindi hiki ikianza kukusumbua, toa vitu kabla hujaongeza kitu. Kisha ongeza kimoja kimoja, kila kimoja ukipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kufikiria kingine.

Kwa hiyo kuanzia usiku huu unabaki na vitu vitatu. Kisafishaji laini kisicho na povu kali wala manukato, na ukitumie usiku tu. Asubuhi maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni ya mche iweke mbali na uso, maana sabuni ya kawaida pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kama 9 hadi 10 na ngozi yako inapenda kuwa karibu na 5. Cha pili ni krimu nzito yenye seramidi na gliserini, unaipaka uso ukiwa bado na unyevu kidogo, usisubiri ukauke kabisa. Pale panapobanduka paka juu yake mafuta ya mgando, tabaka jembamba, ulale nayo. Cha tatu ni sanskrini ya SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 au zaidi kila asubuhi, na usiipake kwa kudonoa. Mistari miwili iliyojaa, kila mmoja urefu wa kidole, ndiyo inayotosha uso na shingo. Kwa madoa yako tafuta ile yenye rangi, iliyoandikwa oksidi ya chuma kwenye viambato, kwa sababu madoa ya mashavuni yanakolezwa na mwanga wa kawaida pia, na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri.

Utajuaje ngozi imepona? Utapaka krimu yako na hutasikia chochote. Hakuna kuchoma, hakuna kuwasha, hakuna kuvutana saa moja baadaye. Ukifika hapo ndipo unaongeza cha kwanza, na kwa chunusi na madoa pamoja mimi ningeanza na asidi ya azelaiki. Jina la asidi lisikutishe. Ni mpole kuliko glaikoli, inafanya kazi kwa chunusi na kwa madoa, na haina tatizo hata kwa mjamzito.

Retino iwe ya mwisho. Sikatai kwamba ina faida. Tafiti zinakadiria kwamba miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma ngozi inaweza kupoteza hadi kama asilimia 30 ya kolajeni yake, na wauzaji wanaijua takwimu hii na wanaitumia kututia hofu tununue leo leo. Lakini hayo ni mambo ya miaka, hayakimbizwi kwa usiku mmoja. Ukianza, chukua ile ya asilimia ndogo kabisa, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, uso ukiwa mkavu kabisa, krimu yako chini yake na nyingine juu yake, usiku mara mbili kwa wiki. Ikichoma, acha, rudi kwenye vitu vyako vitatu.

Na lile la mimba sikulisahau. Hedhi kuruka si kwamba uzazi umefungwa. Mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila hedhi ndipo inahesabika umefika ukomo, na kabla ya hapo mimba inaweza kuingia bila kubisha hodi. Kama hutumii kinga ya mimba, retino iache kabisa, na tretinoini, ndugu yake mkali wa kuandikiwa na daktari, usiiguse.

Jambo jingine, maana najua linakuja. Madoa yakionekana, kuna mtu atakuletea kikopo kisicho na lebo, akuambie kinasafisha ndani ya wiki. Nakuomba usikipokee. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi ina steroidi kali, na steroidi inaikondesha ngozi ambayo homoni zimekwisha kuikondesha. Mingine ina zebaki, ambayo ni sumu kwa figo. Hidrokwinoni nayo ni dawa ya kutumia chini ya uangalizi wa daktari kwa muda maalumu, ukiizidisha miaka inaacha weusi wa bluu usiotoka. Wanaowauzia wanawake wa umri wetu vitu hivi wanajua tumechoka na vioo, wanauza juu ya uchovu huo, na linaniuma sana.

Nywele sijui niseme nini zaidi ya hili: zikikatika sana, na mwili unachoka, na ngozi ni kavu kila mahali, mwambie daktari akupime tezi ya thairoidi na kiwango cha madini ya chuma kwenye damu, kwa sababu dalili zake zinafanana sana na za kipindi hiki na watu wanazipuuza. Ukiamka usiku unasikia kama wadudu wanatembea juu ya ngozi na ukiwasha taa huoni kitu, usiogope, hilo mara nyingi ni la homoni na baadhi yetu tunalipata.

Hukusema kama unatumia dawa nyingine yoyote. Baadhi ya vidonge vya presha, vile vinavyokupeleka chooni mara kwa mara, na hata doksisaiklini wanayoandikiwa watu wa chunusi, vinaifanya ngozi iungue jua haraka. Kama unatumia kimojawapo, kiandike hapa kabla hujafungua chupa yoyote.