Kabla ya kuiongezea moto MG ya zamani, hakikisha milango inafunga

Siku nilipoirudisha MG yangu, gari dogo la wazi la Kiingereza, Moshi kutoka gereji ya kwanza niliyoikabidhi, mlango wa dereva ulikataa kufunga. Ulikuwa umefunga vizuri zaidi ya miaka hamsini. Mafundi wale walikata maboksi ya bati yanayopita chini ya milango, pande zote mbili, kwa siku moja, gari likiwa limeinuliwa kwenye mawe mbele na nyuma. Yalikuwa yameoza kweli, na bati jipya walilochomelea lilikuwa safi. Lakini katikati gari lilikuwa limeshabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, na wakalichomelea likiwa limebonyea hivyohivyo. Nilitumia miezi minne kufumua kazi ya siku moja.

Nakutana na vijana wengi wanaopata gari la wazi la zamani kwenye stoo ya shamba huko Kibosho, Machame au Usa River. Swali lao la kwanza ni kabureta gani itaongeza mwendo. Mimi huwauliza kama milango inafunga.

Yangu ni MGB ya 1964. Ililala kwenye ghala la kahawa tangu mashamba ya walowezi yalipotaifishwa 1973, ikalindwa na familia ya mlinzi ambayo haikuing'oa hata taa. Kabla hujatoa shilingi, ulizia kadi ya gari, kisha soma namba. Kibao cha chasisi kikianza na GHN3, hiyo ni ya wazi ya toleo la kwanza, iliyoanza kutoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, 1962. Namba ya injini nayo ina maneno yake: 18G na 18GA zina krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inayobebwa na beringi tatu, na 18GB, iliyoanza mwishoni mwa 1964, ina beringi tano. Ya beringi tatu ni nyepesi kuzunguka ila haipendi mizunguko ya juu kwa muda mrefu. Yangu ni ya beringi tatu, na kila uamuzi nilioufanya baadaye ulianzia hapo.

Kila aliyeliona gari lile aliniambia nitoe injini niweke ya Toyota. Spea zipo hadi Himo, mafuta inakula kidogo, na kila fundi anaijua. Nawaheshimu, maana kwa gari la kazi wana haki. Lakini ukiweka injini ya Toyota unahitaji gia boksi yake, kisha shafti ya kukata na kuunga, kisha redieta, halafu uzito wa mbele unabadilika na breki hazijui tena zinasimamisha nini. Kuanzia hapo hakuna kitabu kinachokujibu. Injini ya MG yenyewe, ya cc 1,798, ina namba kwa kila kitu: nafasi ya tapeti inchi 0.015, plagi inchi 0.025, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, nati za hedi (kifuniko cha juu cha injini) pauni-futi 45 hadi 50. Usiku wa manane ukikwama, namba zinakuambia ulipokosea.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti. Kila nitakalofanya, liwe jambo ambalo fundi wa karakana ya shamba hapa Kilimanjaro angeweza kulifanya mwaka 1965. Vijana wa California walianza hivyo na magari yao ya hotirodi, kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili. Walichukua Ford kuukuu, hasa zile za V8 zilizotoka 1932, wakang'oa madigadi na kila kisicho na kazi, wakachonga vyuma wenyewe, wakaenda kupima mwendo kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Chama chao, SCTA, kilianzishwa 1937 ili mbio zile ziwe na utaratibu na saa ya kupimia. Huku kwetu mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari la Safari lilitakiwa kwanza lifike. Mimi nimeufuata moyo wa Safari zaidi ya ule wa ziwa kavu.

Sharti hilo si gumu kwetu kama linavyosikika. Ulaya mtu wa kuchomelea bati jembamba kwa gesi lazima atafutwe. Moshi na Arusha bado tunao: anayekunja bati kwa nyundo na kipande cha reli, anayekereza bushi kutoka chuma kitupu, anayesaga valvu kwa mkono. Ingia Ngarenaro au Majengo, uliza kwa adabu, na usimharakishe mtu.

Jambo dogo la spana, kwa sababu linaharibu magari mengi. Boksi zetu za spana zote ni za milimita, na nati za MG ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na nati ikishakuwa ya mviringo utaikata kwa patasi. Nenda kwa mafundi wa matrekta ya zamani ya Massey Ferguson au Land Rover. Wao wanazo spana za inchi, na wengi watakuazimisha ukiwaambia ni za nini.

Sasa bodi. MGB haina chasisi ya kujitegemea. Bati lenyewe ndilo mifupa, na kwa kuwa halina paa, nguvu yote ya katikati iko kwenye yale maboksi chini ya milango. Yana matabaka matatu ya bati, na la nje, ambalo ndilo unaloliona, lina kazi sawa na mengine. Gari likae kwenye magurudumu yake, au likiwa juu ya stendi, ziwekwe pale uzito unapokaa siku zote. Chomelea bomba la chuma kwa muda kukatiza uwazi wa mlango kwa ndani, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Pima nafasi kati ya mlango na bodi juu na chini, andika kwa chaki ukutani. Kata upande mmoja tu, maliza, funga mlango, pima tena. Namba ya ukutani ikibadilika hata milimita mbili, simama.

Nilichagua kuchomelea kwa gesi ingawa mashine za umeme ziko kila kona. Mshono wa gesi unabaki laini, unaweza kuupiga nyundo ukalala sawa na bati. Mshono wa mashine ya waya ni mgumu, utausaga tu, na bati pembeni linakonda. Hasara ya gesi ni joto: bati linajikunja. Dawa yake ni kushika kwa vidoa vifupi, kimoja huku kingine kule, na kupiga nyundo taratibu kabla hakijapoa, mwenzako akiwa ameshikilia kipande cha reli upande wa pili. Binti yangu ndiye aliyeshikilia. Baada ya wiki tatu alikuwa anajua kwa mlio tu kama nyundo imepiga juu ya reli au pembeni.

Mashimo na mishono haikujazwa putti. Nilijaza kwa risasi, ile ya kulehemu yenye sehemu 70 za risasi na 30 za bati jeupe. Aliyenifundisha ni mzee mmoja aliyekuwa karakana ya shamba ujanani. Nilipomwamkia akaitikia marahaba, akaangalia mshono wangu kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, usiiyeyushe. Ilainishe." Hiyo ndiyo siri yenyewe. Mchanganyiko huo unaanza kulegea kwenye nyuzi 183 za Selsiasi lakini hauwi maji mpaka karibu 260. Katikati hapo unakuwa kama siagi, na unausukuma kwa kijiti kipana cha mbao kilichopakwa nta ya nyuki ili usigande. Kijiti changu nilikichonga kwenye shina la mbuni mkongwe uliong'olewa, mbao ngumu isiyo na nyuzi za kuchanika. Kabla ya risasi, bati lisafishwe mpaka liwe jeupe na lipakwe dawa ya kulehemu. Ukimaliza, dawa hiyo ina asidi na itatoboa rangi baadaye, kwa hiyo osha kwa maji ya magadi, yale yale ya jikoni, kisha maji matupu.

Risasi ni sumu. Fanya kazi nje, watoto wawe mbali, usile wala kushika uso mpaka unawe. Na usiiguse kwa grainda wala msasa mkavu, maana vumbi lake ndilo linaloua. Tumia tupa pekee, kusanya chenga zote. Nani atanilaumu kwa kulirudia hili? Putti ingekuwa rahisi, lakini kwenye barabara zetu za matuta mshono wa gari la wazi unacheza, na putti hupasuka.

Rangi na viti sina la kuwaambia zaidi ya kwamba vinakuja mwisho.

Injini ndipo moto ulipo, na moto wa kwanza ni usawa. Nilipeleka pistoni na konrodi zote nne (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) kwa sonara mjini, tukapima kwenye mizani yake ya dhahabu. Nyepesi kuliko zote ndiyo ikawa kipimo, nyingine nikazipunguza kwa tupa sehemu zile nene zisizobeba nguvu, mpaka tofauti ikashuka chini ya gramu moja. Haikunigharimu chochote zaidi ya jioni mbili na soda, na hakuna nilichofanya ambacho injini ilikishukuru zaidi.

Kisha hedi. Vyumba vya kuchomea vina umbo la moyo, kazi ya mtaalamu wa injini Mwingereza, Harry Weslake, na kati ya valvu mbili kuna ncha iliyochomoza ambayo hupata moto kupita kiasi. Izungushe kwa tupa, usiimalize. Usipanue matundu ya kuingizia hewa ukidhani makubwa ni bora, kwa kuwa tundu moja linalisha silinda mbili na hewa ikipoteza kasi hapo umeua nguvu ya chini. Linganisha tu midomo ya manifoldi na ya hedi kwa kupaka wino kwenye gasketi.

Halafu pima ujazo wa vyumba hivyo. Weka plagi na valvu, funika chumba kwa kioo cha plastiki chenye tundu, jaza mafuta ya taa kwa sindano ya famasi yenye alama. Kila silinda inafagia cc 449.5. Ukibana hewa mara 8.8, kama kiwandani, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni cc 57.6. Ukitaka 9.5 iwe cc 52.9. Kwa hiyo unapunguza karibu cc 5. Mimina mafuta pungufu kwa kiasi hicho, pima kina kutoka uso wa hedi mpaka juu ya mafuta, na hicho ndicho kimo unachomwambia mkerezaji aondoe. Vyumba vinne vilingane kwanza, vyangu vilitofautiana kwa cc 2.

Kubana zaidi kunafaa huku kwetu kuliko pwani. Arusha iko kama mita 1,400, na hewa yake ina mgandamizo wa karibu asilimia 85 ya ule wa baharini. Injini inavuta kidogo, na pia haigongi (mchanganyiko kujilipukia wenyewe) haraka. Lakini kabureta lazima zijue uko wapi. Nilizipanga kabureta zangu mbili za SU hapa Moshi, nikapanda Arusha, plagi zikatoka nyeusi kama masizi ya jiko la mkaa, kwa sababu petroli ilizidi hewa. Nati ya chini ya kabureta ina pande sita: ikaze kuelekea juu upande mmoja kwa wakati, petroli inapungua. Kisha inua pistoni ya kabureta kidogo sana kwa pini yake. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli bado nyingi. Ikitaka kuzima, umepunguza mno. Ikipanda kidogo ikarudi, iache hapo. Kulinganisha mbili, weka mpira mwembamba sikioni na ncha nyingine mdomoni mwa kila kabureta. Mlio uwe mmoja.

Sharti la 1965 nililivunja mahali patatu bila kujuta. Petroli yenye risasi iliondoka kwenye vituo vyetu mwishoni mwa 2005, na siti laini za valvu za kutolea moshi, yaani pale valvu inapokaa ikifunga, zinaliwa bila hiyo, basi nikaweka siti ngumu. Mipira ya breki ni mipya yote. Na mikanda ya viti, kwa sababu abiria wangu ni binti yangu.

Breki zikamilike kabla hujaongeza hata farasi mmoja. Mimi nilizipima kwenye mteremko wa Kikafu asubuhi na mapema, mara sita, nikisimama pembeni kila mara kugusa ngoma za nyuma kama moja imepata joto kuliko nyingine.

Ukiiwasha, kilomita 800 za kwanza usipite mizunguko 3,000. Nenda Himo na urudi, panda Marangu taratibu, usiiburuze kwenye gia kubwa. Gia ya kwanza haina sinkro, kwa hiyo simama kabisa ndipo uiingize. Kilomita hizo zikiisha, mwaga oili ikiwa bado ya moto, acha injini ilale usiku mzima, asubuhi kaza hedi tena kwa mpangilio wa kitabu ukianzia katikati, halafu pima tapeti zote nane upya, maana hedi ikishuka nafasi zake zinabadilika.