Fildi ya utafiti wa afya: majibu ya barua zenu

Msimu wa kutafuta fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, umefika. Barua za safari hii karibu zote ni za wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kujifunza utafiti wa afya ya jamii.

Nasoma takwimu, hata kupima presha sijui. Watanipokea kweli? (Mwaka wa pili, Dodoma)

Omba bila woga. Utafiti wa afya ya jamii hauendeshwi na madaktari peke yao. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi katika bonde la Kilombero, ina watu wa wadudu, wa takwimu na wa sayansi ya jamii. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa mwaka 1979, ina vituo Mwanza, Tanga, Mbeya na Tabora. Kwa nini wote mng'ang'anie Dar es Salaam? Kituo cha mkoani, wanafunzi wakiwa wachache, msimamizi hupata muda wa kukaa na wewe.

Barua ya maombi niandike nini? (Morogoro)

Aya moja ya kazi yao uliyoisoma na swali lililokubakia kichwani, nyingine ya unachojua kufanya. Taja tarehe za fildi yako, ambatanisha barua ya chuo. Sifa za taasisi wanazijua wenyewe.

Wiki ya tatu sasa naingiza data tu, asubuhi hadi jioni. Naona napoteza muda. (Mwanza)

Hupotezi. Kijana mmoja niliyemsimamia alikutana na mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 84. Angeweza kuweka nukta mwenyewe, ikawa 8.4, akaendelea. Badala yake alilitafuta dodoso la karatasi kwenye boksi, akakuta nukta ipo, imefifia palepale kwenye mkunjo. Alisahihisha, akasaini, akaweka tarehe. Kisha akapekua madodoso yote ya mdadisi aliyelijaza lile na kukuta mengine matano ya namna hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapita. Huo ni utafiti kamili, ndugu yangu. Ila muombe msimamizi akuruhusu kutoka na timu walau siku mbili, uone namba hizo zinakotoka.

Kaya ya mwisho iko ng'ambo ya mto. Mwenzangu anasema tujaze dodoso lake chini ya mwembe, majibu yenyewe yanafanana. (Hakutaja alipo)

Usijaze. Huko ni kupika data, na barua hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Nani kakwambia yanafanana? Mtoto wa ng'ambo ya mto ndiye ambaye mvua ikinyesha hafiki kliniki. Huenda hana chandarua, huenda chanjo zake hazijakamilika. Ukimpa majibu ya jirani wa barabarani, umemfuta. Kijiji kitaonekana kimefikiwa, na anayepanga wapi pa kupeleka vyandarua ataamini ulichoandika.

Kama mto haupitiki, andika hivyo: kaya haikufikiwa, mto umejaa, na tarehe. Pengo la kweli mchambuzi anajua namna ya kulishughulikia. Uongo uliojazwa vizuri hauoni. Na kama mnabanwa na idadi ya madodoso kwa siku, mwambieni msimamizi leo jioni. Najua si rahisi ukiwa mwanafunzi. Mwambieni hata hivyo.

Fildi inalipwa? (Iringa)

Mara nyingi hailipwi. Wenye mkopo, angalieni fungu la mafunzo kwa vitendo. Nauli ya kwenda vijijini uliza kabla hujakubali.

Mama mmoja alinionyesha mwanawe ana homa kali, akiniita daktari. Nilibaki nimeduwaa. (Mwaka wa tatu, Tanga)

Wengi huduwaa. Mwambie wazi: "Mama, mimi ni mwanafunzi, si daktari." Usimpe dawa, wala usikisie ugonjwa. Funga dodoso, mpigie msimamizi wako, maana utafiti mwingi huwa na utaratibu wa rufaa, na mhudumu wa afya wa kitongoji yuko karibu kuliko wewe. Homa ya mtoto mdogo huku kwetu haingojwi hadi kesho: aende zahanati, apimwe malaria. Na usimfanye mama aone kwamba anasaidiwa kwa sababu amekubali kujibu maswali. Hata aliyekataa kusaini fomu ya ridhaa, mwanawe akiugua mbele yako, unampigia simu msimamizi vilevile.