Ukumbi wa mita 300 za mraba unakaa watu wangapi?

SWALI: Habari yako, mwalimu. Niko mwaka wa pili wa diploma ya upangaji na usimamizi wa makongamano ya kibiashara hapa Nairobi. Tulipewa kazi ya kupanga kongamano la siku mbili la mameneja 300 wa sacco. Nilichagua ukumbi wa mita 20 kwa 15, nikahesabu mita moja ya mraba kwa kila mtu, nikaandika "unatosha". Washiriki watakaa mezani na kompyuta zao. Gharama zisizobadilika ni shilingi 1,200,000. Chakula na chai ni 4,500 kwa mtu kwa siku, na mkoba, beji na karatasi ni 1,000 kwa kila mtu. Jumla ikawa milioni 4.2. Nikagawanya kwa 300, ada ikawa 14,000. Mhadhiri amenirudishia kazi akiwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Jukwaa liko wapi? Na wakija 220?" Nimekuambatanishia kazi yenyewe. Nimekosea wapi? Halafu wenzangu wananiambia kupanga mikutano hakusomewi, nihamie uhusiano mwema. Unanishauri vipi? — Binti wa Kasarani

JIBU: Mwanangu, hiyo karatasi usiitupe. Ni afadhali kukosolewa na mhadhiri kwa kalamu nyekundu kuliko kukosolewa na mteja mlangoni, watu 80 wakiwa wamesimama nje bila viti. Tuanze na ukumbi.

Mita moja ya mraba kwa mtu si hesabu ya uongo. Inafaa pale watu wanapokaa kwa viti vitupu, yaani bila meza, safu kwa safu, wote wakitazama mbele kama kanisani. Wewe umesema wana meza na kompyuta. Tena umehesabu sakafu yote kana kwamba kila sentimita itakaliwa. Chukua karatasi ya miraba uuchore ukumbi wako, kila mraba uwe nusu mita.

Ukuta wa mbele wa mita 15 mpe jukwaa. Jukwaa lenye kina cha mita 3 linakula mita 3 za urefu wa ukumbi hata kama lenyewe halifiki pembeni, kwa sababu hizo pembe zina ngazi, skrini na spika. Kutoka jukwaani hadi safu ya kwanza acha mita 2. Nyuma acha mita 2 nyingine za meza ya fundi wa mitambo na za wanaochelewa, maana kwa msongamano wetu wa asubuhi wachelewaji hawakosi, na ni lazima waingie bila kukatiza mbele ya mzungumzaji. Katika zile mita 20 umebaki na 13. Kwa upana, toa njia ya katikati ya mita 1.5, kisha njia ya mita 1 kando ya kila ukuta. Umebaki na mita 11.5.

Panga viti vitupu kwanza. Viti 11 kulia, 11 kushoto, na sentimita 90 kutoka safu hadi safu. Zinaingia safu 14, viti 308. Aliyeketi katikati ya safu yake anapita magoti ya watu watano tu kufika njiani, hata moto ukizuka. Kwa mtindo huo ulikuwa sahihi, ingawa kwa nafasi finyu sana.

Sasa ingiza meza za darasani. Meza ya mita 1.8 inakaa watu watatu, kila mmoja akipata sentimita 60 za kompyuta na daftari. Kila upande wa njia zinaingia meza tatu, yaani watu 18 kwa safu. Lakini safu sasa zinahitaji mita 1.5 kati yake ili mtu aweze kusukuma kiti nyuma na kuinuka. Zinaingia safu 8. Watu 144. Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipotua.

Ungeweka meza za duara za watu 10, kila moja ingetaka eneo la kama mita 3.3 kila upande ukihesabu viti na mhudumu anayepita na sinia. Njia zimo tayari humo kati ya meza, basi upana wote wa mita 15 unaingia meza nne na zile mita 13 zinaingia tatu: meza 12, watu 120. Na kwa kuwa upande mmoja wa kila meza unalipa jukwaa kisogo, mpangaji mzuri huondoa viti vya upande huo akaacha saba. Watu 84. Ukumbi ni uleule, wa mita 300 za mraba, na unakaa watu 308, 144, 120 au 84 kutegemea unavyotaka wakae. Kwa hiyo kabla hujapigia ukumbi wowote simu, amua kwanza washiriki watafanya nini wakiwa ndani: watasikiliza, wataandika, au watajadiliana. Meneja wa mauzo akikwambia "unaingia 300", muulize kwa mtindo upi, na kama ametoa jukwaa. Sijawahi kukuta brosha iliyolitoa.

Kuna nafasi nyingine ambayo kazi yako haikuitaja, nayo ni ya chai. Nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo iliyowahi kuniharibia siku. Nilisimamia kongamano la watu wapatao 400 katika hoteli moja ya mjini. Chai ya saa nne ilipewa nusu saa. Hoteli ikaweka meza mbili kwenye ukumbi mwembamba wa kupitia, kila moja na birika lake, bakuli la sukari, maziwa ya kando na sinia ya mandazi. Saa tano kasorobo foleni ilikuwa imefika kwenye lifti. Tulirudi ndani tukiwa tumechelewa dakika 35, na mzungumzaji aliyekuwa amesafiri kutoka nje ya nchi akapewa dakika kumi za kusema yaliyohitaji 45. Nilikuwa nimekagua spika, taa na majina ya wageni wa heshima. Meza ya chai sikuikagua.

Tangu siku hiyo nahesabu hivi. Mtu anayejimiminia chai, akaweka sukari, akakoroga na kuchukua kitafunio hukaa mezani kama sekunde 20. Foleni moja basi inahudumia watu watatu kwa dakika. Watu wako 300 wakiwa na robo saa ya kuhudumiwa, ili ibaki robo saa nyingine ya kunywa na kusalimiana, wanahitaji foleni saba. Meza inayofikika pande zote mbili ni foleni mbili, kwa hiyo unataka meza nne zilizotengana. Kisha ondoa sukari na vijiko mezani pa chai uviweke kwenye meza ndogo mbele kidogo. Kukoroga ndiko kunakokula muda. Na chai yetu ya maziwa iliyopikwa pamoja huenda haraka kuliko chai ya rangi yenye maziwa ya kando, basi ipe mabirika mengi zaidi.

Tuje kwenye pesa. Ulichogawanya kwa 300 kina vitu viwili visivyofanana. Ile 1,200,000 ya ukumbi, mitambo, usafiri wa wazungumzaji na malipo ya wafanyakazi utailipa wakija 300 au wakija 30. Zile 10,000 za kila mtu, chakula cha siku mbili pamoja na mkoba wake, zinapanda na kushuka na idadi. Wakija 220 kama alivyouliza mhadhiri, utakusanya 3,080,000. Utatumia 1,200,000 pamoja na 2,200,000, jumla 3,400,000. Umepoteza 320,000, na hakuna aliyeiba wala aliyekosea siku yenyewe.

Ada hupangwa kwa idadi unayoweza kuiapia, si kwa idadi unayoitamani. Tuseme una hakika na 200. Gawanya 1,200,000 kwa 200 upate 6,000, ongeza 10,000, ada inakuwa 16,000. Hapo kwa watu 200 mapato na gharama zinalingana, na kila anayezidi anakuachia 6,000. Wakitimia 300 unabaki na 600,000. Kama sacco zitalalamika kwamba 16,000 ni nyingi, tafuta mfadhili wa kubeba sehemu ya gharama zisizobadilika. Hiyo ndiyo kazi halali ya mfadhili katika bajeti, wala usimhesabu kabla hajatia sahihi.

Hasara ya 320,000 hata hivyo ni ya mtu mwenye bahati. Mikataba ya hoteli kwa kawaida ina kifungu cha idadi ya chini utakayolipia. Tuseme uliandikisha watu 300 na mkataba unakubana kulipia angalau asilimia 90 yao. Wakija 220 utalipia chakula cha watu 270. Hao 50 wasiokuja, kwa 9,000 kila mmoja, wanakuongezea 450,000. Hasara sasa ni 770,000. Soma kifungu hicho kabla ya menyu. Omba ukubaliwe kupunguza idadi kwa hatua kadiri siku zinavyokaribia, na uandike tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa kwenye kalenda yako. Uliza pia kama ile 4,500 ina kodi ya VAT ya asilimia 16 ndani yake. Kama haina, kila sahani inaongezeka shilingi 720 kwa siku, na kwa watu 300 kwa siku mbili hizo ni 432,000 ambazo bajeti yako haizijui.

Mambo mengine ya kazi yako yalikuwa mazuri, nitayagusa tu. Fomu ya usajili uliyopanga inaomba nambari ya kitambulisho cha taifa. Ya nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu, na kwa beji na risiti jina, sacco na nambari ya simu vinatosha. Kwa stima, usitosheke kuambiwa "jenereta ipo". Kati ya stima kupotea na jenereta kushika kuna sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuizima projekta na kuirudisha kompyuta ya jukwaani mwanzo. Andika betri ya akiba kwenye orodha ya mitambo.

Kuhusu wenzako wanaosema kazi hii haisomewi, nawaelewa. Nairobi imejaa watu waliojifunza kwa kubeba viti, na wengine wao ni mahodari nisiowafikia. Lakini angalia mji uliomo. KICC, jumba kubwa la mikutano la Nairobi, ilipokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa Septemba 1973, mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika. Mwaka 1985 ukaja mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, Desemba 2015 mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani, Septemba 2023 mkutano wa viongozi wa Afrika kuhusu tabianchi. Gigiri ni makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mikutano ya namna hiyo ina wakalimani wanaopokezana kila baada ya kama nusu saa, kwa hiyo kila lugha inataka angalau wawili, na kibanda chao kinakula sakafu uliyokuwa umeipangia viti. Mambo hayo hujifunzi kwa kubeba viti peke yake. Mimi nilijifunza mengi kwa kuumiza wateja, na ningependa wewe usipitie huko.

Kwa hiyo maliza diploma. Uhusiano mwema ni taaluma ya heshima, lakini itakufundisha kuwaalika watu, haitakufundisha kuwakalisha. Pale kozi yako inapopungukiwa, na nyingi zinapungukiwa upande wa mikataba na kodi, kopa vitabu vya wanafunzi wa biashara. Ukienda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, usikubali kuwekwa mezani pa mapokezi miezi mitatu ukigawa beji. Omba wiki kadhaa na fundi wa mitambo na wiki kadhaa na msimamizi wa jikoni, hao ndio wanaojua kwa nini ratiba huvunjika. Ukishafanya kazi miaka michache, fikiria CMP (Certified Meeting Professional), cheti cha wapangaji wa mikutano kinachotolewa na Events Industry Council. Kimekuwepo tangu 1985 na wateja wa nje wanakifahamu, lakini kabla ya mtihani wanadai uzoefu wa kazi, hivyo usikikimbilie sasa.

Hii kazi irudie kabla hujampelekea mhadhiri. Una njia mbili. Ya kwanza, ubaki na ukumbi huo, mameneja 300 wakae kwa viti vitupu wakati wa hotuba, kisha kwa mijadala wagawanyike kwenye vyumba vidogo vyenye meza. Njia hii hesabu bei ya kila chumba. Ya pili, utafute ukumbi mkubwa zaidi wenye meza za darasani. Safu hiyo ya watu 18 ukihitaji 300 utataka safu 17, yaani mita 25.5 za meza peke yake, na ukiongeza zile mita 7 za jukwaa na nafasi zake unafika mita 32.5. Kwa umbali huo aliye nyuma hasomi tarakimu kwenye skrini moja ya mbele, basi weka skrini mbili za pembeni katikati ya ukumbi na uziingize kwenye bajeti. Ukienda kukagua, nenda na tepu ndefu ya kupimia, upime mwenyewe kutoka ukuta hadi ukuta, na nguzo za katikati, kama zipo, uzichore kwenye karatasi ya miraba.