Wamakonde ni asilimia ngapi ya Mtwara? Mwulize anayejibu alihesabu lini

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mkoa unaoishi una makabila gani, na kila kabila ni asilimia ngapi ya wakazi wote?" Kwa Mtwara na Lindi, nusu ya kwanza inajibika vizuri kabisa. Nusu ya pili haina jibu lililohesabiwa. Anayeandika kwamba Wamakonde ni asilimia kadhaa ya Mtwara anakadiria, na mara nyingi hasemi kwamba anakadiria.

Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Zilizofuata, yaani 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, ziliacha kabila na dini kwa makusudi. Karani wa sensa ya 2022 alitaka kujua umri, jinsi, uraia, ulikozaliwa, elimu, kazi, hali ya nyumba, lakini kabila hakuligusa. Kwa hiyo jumla tunazo: Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Mgawanyo wa jumla hizo kwa kabila haupo katika jedwali lolote la serikali. Jirani zetu Wakenya wanauliza, ndiyo maana Wamakonde wa kaunti ya Kwale, walipotambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2017, walipata mstari wao kwenye sensa ya 2019. Wamakonde wa Newala, ambao ni wengi kuliko hao mara nyingi, hawana mstari huo.

Basi asilimia zinazozagaa hutengenezwaje? Njia ya kwanza ni kuchukua uwiano wa 1967 na kuuzidisha kwa idadi ya leo. Hapo kuna makosa mawili. Mwaka 1967 Mkoa wa Lindi haukuwapo. Ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo uwiano wa "Mtwara" ya zamani unawachanganya Wangindo wa Liwale na Wamatumbi wa Kilwa. Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kabila limezaa, limefiwa na limehama kwa kasi moja kwa zaidi ya miaka 50. Njia ya pili ni kutumia idadi ya wasemaji wa lugha. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi mwaka 2009, na ni kazi ya kuheshimiwa, lakini inahesabu lugha. Mtoto wa Shangani, Mtwara mjini, anayeongea Kiswahili tu nyumbani bado atakwambia yeye ni Mmakonde.

Picha ya jumla, bila asilimia, ni hii. Uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na Nanyamba, pamoja na Mtwara Vijijini, ni wa Wamakonde kwa wingi usio na ubishi. Ukishuka magharibi kwenda Masasi unawakuta Wamakua na Wayao wakiishi kijiji kimoja, na Nanyumbu Wamakua wanaongezeka. Kando ya Mto Ruvuma wapo Wamatambwe, ambao wengine huwaweka ndani ya Wamakonde na wengine huwatenga. Kwa upande wa Lindi, Wamwera wameshika Mtama, Ruangwa na sehemu kubwa ya Nachingwea. Wamachinga wako kati ya Lindi na Kilwa, Wangindo Liwale, na Wamatumbi katika vilima vya Kipatimu, ambako Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905. Pwani ya Kilwa na Mikindani ina watu wanaojiita Waswahili, wenye damu ya bara, ya Arabuni na ya visiwani, na ukiwabana wataje kabila watataja mji.

Ramani hiyo inasaidia, lakini inaficha mengi. Chukueni Newala, ambayo kila mtu huiita nchi ya Wamakonde. Mtawala wake aliyejulikana zaidi katika karne ya 19, Matola, alikuwa Myao, na watu waliokaa chini yake walikuwa mchanganyiko wa waliokimbia vita na biashara ya utumwa. Masasi nayo: misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza mwaka 1876 kwa kuleta watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, watu wa asili mbalimbali za bara. Wajukuu wa wajukuu zao leo ni Wamakua au Wayao kwa kuoana na kwa lugha, na wana haki zote za kuwa hivyo. Kabila huku kusini limekuwa kitu cha kujiunga nacho zaidi ya watu wengi wanavyopenda kukubali.

Halafu kuna suala la mama, na hapa ndipo dodoso nyingi zinapovunjika. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa mila huhesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Uislamu, shule na fomu za serikali, zinazotaka jina la baba na la babu, zimewazoesha watu kujitambulisha kwa baba. Matokeo yake, mtoto wa Mmakua wa kike na Myao wa kiume anaweza kuwa Mmakua msibani kwa wajomba zake na Myao kwenye fomu ya shule, na majibu yote mawili ni ya kweli. Dodoso lenye kisanduku kimoja cha "kabila" litapokea jibu lolote lililokuja kwanza mdomoni. Masasi, ambako ndoa za aina hiyo ni za kawaida, kisanduku hicho kinaweza kuhamisha maelfu ya watu kutoka kabila moja kwenda jingine kwa namna swali lilivyoulizwa tu.

Majina hayasaidii. Hamisi Saidi anaweza kuwa wa kabila lolote kati ya hayo yote, na hata wa nje ya mikoa hii. Sura na chale hazisaidii pia. Ndonya (kisahani kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu) na chale za uso zimebaki kwa wazee wachache sana. Na huko Dar es Salaam kila mtu wa kusini huitwa Mmakonde, Mmwera akiwemo, jambo ambalo Wamwera hawalipendi hata kidogo.

Waliokuja baadaye nao wasiachwe. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulivuta vibarua Nachingwea. Vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, vilileta wakimbizi wengi, wengine wakiwekwa Rutamba, Lindi, na wapo waliobaki. Wahindi na Waarabu waliokuwa wenye maduka Lindi na Mikindani walipungua, hasa baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Kuanzia 2006, mifugo ilipoondolewa bonde la Usangu mkoani Mbeya, wafugaji Wasukuma na Wabarabaig walielekezwa Lindi, na leo wako Kilwa, Liwale, Nachingwea na kwingineko. Korosho, gesi ya Mnazi Bay na kiwanda cha saruji vimeleta watu wa kila mkoa. Angalieni namba hii: kati ya 2002 na 2012 Lindi iliongezeka kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, lakini kati ya 2012 na 2022 ilitoka 864,652 hadi 1,194,028, yaani kama asilimia 3.2 kwa mwaka. Uzazi peke yake haubadiliki ghafla kiasi hicho. Jedwali la mahali pa kuzaliwa ndilo la kufunguliwa kwanza na anayetaka kujua wageni ni wangapi, maana hilo lilihesabiwa kweli.

Anayetaka takwimu zake mwenyewe, aanze na kata moja. Mkoa mzima ni mzigo wa taasisi. Achukue barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, aipeleke kwa mtendaji wa kata, kisha kwa watendaji wa vijiji. Aombe orodha ya kaya kwa kila kitongoji, halafu achague kaya moja kila baada ya idadi fulani, akianzia namba iliyopatikana kwa kura. Asichague kaya zilizo barabarani. Huko wanakaa wenye maduka na watumishi, na nusu yao ni wageni. Orodha ya kijiji yenyewe huwa na tundu: wafugaji wanaoishi porini na vibarua wa msimu mara nyingi hawamo, kwa hiyo lazima watafutwe kwa msaada wa mwenyekiti wa kitongoji.

Kaya 300 zikichaguliwa vizuri, kundi lililo karibu nusu ya kata litapimwa kwa kosa la takribani asilimia 6 juu au chini. Kundi la asilimia 2 litaonekana kwenye kaya kama sita tu, na hapo sampuli nyingine ingeweza kutoa kaya mbili au kumi. Kwa hiyo makundi madogo yaandikwe kwamba yapo, bila asilimia.

Maswali yawe manne: kabila la mama, kabila la baba, lugha inayosemwa nyumbani, na mwenyewe anajiita nani. La mwisho liruhusu majibu mawili, na liruhusu "sina" au "Mtanzania", kwa sababu watu wa mjini watalijibu hivyo na si utani. Muda mzuri ni Juni au Julai. Kuanzia Septemba korosho zinaanguka, familia zinahamia mashambani, wachuuzi na vibarua wanamiminika vijijini, na kaya utakayoikuta siyo iliyoandikwa. Sensa ya taifa nayo ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, kwa hiyo namba zitatofautiana kidogo hata pale ambapo hakuna aliyekosea.

Vijiji vya kando ya Ruvuma, mpakani na Msumbiji, vinahitaji uangalifu zaidi. Mmakonde ana ndugu pande zote mbili za mto, na swali la "wewe wa upande gani?" linasikika kama la Uhamiaji. Ukiliuliza, nusu ya majibu yatakuwa ya woga. Acha uraia kabisa kwenye dodoso la kabila, usiandike majina, na matokeo yatangazwe kwa kata, yasishuke hadi kitongoji, maana kitongoji chenye kaya moja ya wageni kila mtu ataijua.