Futa hilo faili la "maswali yaliyotoka" kabla hujalipia pepa ya PMP

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umeshanunua faili la "maswali 1,800 yaliyotoka", unakariri 100 kwa siku, na sasa unataka tukutajie vitabu vya kusindikizia, tukushauri kama uanze na CAPM, cheti cha wanaoanza, au uende moja kwa moja PMP, cheti cha mameneja wa miradi, na tukuelekeze zile saa 35 za darasa zinazotakiwa kwenye maombi uzipate wapi. Mimi nilipofika kwenye neno "yaliyotoka" damu ikanichemka. Hayo mengine yasubiri.

Huo mtumbwi niliupanda mwaka 2021, ukazama nikiwa ndani.

Faili langu lilikuwa na maswali 1,400. Aliniuzia jamaa mmoja anayejiita kocha, mwenye grupu la WhatsApp na picha ya suti, mikono kaikunja kifuani. Kila asubuhi anatupia "Hongera kwa mwanafunzi wetu mwingine!" na picha ya cheti ambacho jina limefutwa. Nilimuuliza, tena kwa adabu, kama maswali ni ya mtihani mpya. Akajibu: "Yameboreshwa kaka, we kariri tu." Yameboreshwa! Kilichoboreshwa ni jalada.

Maana tarehe 2 Januari 2021 PMI, taasisi yenye mtihani huu, walikuwa wamebadilisha mtihani. Ule wa zamani ulikuwa wa maswali 200 kwa saa nne, umepangwa kwa makundi matano ya michakato, kuanzia kuanzisha mradi hadi kuufunga. Mpya ukaja na maswali 180 kwa dakika 230 na maeneo matatu: Watu asilimia 42, Mchakato asilimia 50, Mazingira ya Biashara asilimia 8. Na karibu nusu ya maswali yakawa ya ajaili (kazi inayokwenda kwa mizunguko mifupi na kurekebishwa njiani) na miradi mseto (inayochanganya hiyo na mpango wa tangu mwanzo). Baadaye, kwa hasira, nililitafuta neno "ajaili" kwenye lile faili. Limetajwa mara kumi na moja katika kurasa mia sita.

Mimi wakati huo nimejifungia nakariri michakato 49 ya PMBOK, kitabu cha mwongozo cha PMI, toleo la sita: nini kinaingia, zana gani inatumika, nini kinatoka. Jedwali lake nilibandika mlangoni mwa choo, kwa ndani. Wageni wakiingia humo walikuwa wanachelewa kutoka, mmoja akaniuliza kama nasomea urubani. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia yote 49 kwa mpangilio. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeniamsha.

Siku ya pepa, swali la tatu tu, skrini inanitaka niburute maneno ya kushoto niyaoanishe na maelezo ya kulia. Natafuta A, B, C, D kama mtu aliyepoteza funguo. Linalofuata linataka majibu mawili. Mkononi nina madesa ya jibu moja moja.

Maswali yenyewe siwezi kukuandikia hapa, kwa sababu kila mtahiniwa anakubali masharti ya kutoyatoa nje. (Hebu jiulize basi huyo aliyekuuzia "yaliyotoka" ni mtu wa aina gani.) Nakutungia moja linalofanana. Timu inafanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili. Katikati ya mzunguko, mteja anamfuata mwanatimu mmoja pembeni, anamwomba aongeze kipengele kipya, na mwanatimu ameshaanza kukitengeneza. Meneja wa mradi afanye nini kwanza? A, apeleke ombi kwenye kamati ya kudhibiti mabadiliko. B, amwache amalizie, mteja ni mfalme. C, aripoti kwa mfadhili wa mradi. D, azungumze na mwanatimu, na ombi liende kwa mmiliki wa bidhaa aliingize kwenye orodha ya kazi na kulipanga kwa umuhimu wake.

Faili langu lilinifundisha kwamba ukiona mabadiliko, jibu ni kamati. Kwenye mradi uliopangwa wote tangu mwanzo, inaweza kuwa sawa. Hapa jibu ni D. Mimi nikagonga kamati. Likija jingine, kamati. Siku ile niliipa kamati vikao vingi hadi ilistahili posho.

Majibu yalipotoka, eneo la Watu, lile la asilimia 42, nilipewa daraja la chini kabisa kati ya madaraja manne wanayotoa PMI. Nikamwandikia kocha. Akanijibu kwa emoji ya mikono ya dua, dakika mbili baadaye kanitoa kwenye grupu. Miezi minne ya kuamka alfajiri, likizo yote ya mwaka, ada, vyote vimekwenda na maji. Ndani ya mwaka mmoja tangu PMI waidhinishe maombi yako unaruhusiwa kujaribu mara tatu, lakini kila kurudia unalipa.

Sasa nisikilize. Swali la mazoezi lisilokueleza kwa nini yale majibu mengine ni mabaya, usilisome. Hata kama ni la bure.

Mara ya pili nilianza kwa kupakua silabasi ya mtihani kwenye tovuti ya PMI, ni bure, nikahakikisha ndiyo inayotumika tarehe yangu ya pepa. Halafu maswali 20 kwa siku, basi. Kila nililokosa naliandika kwenye daftari: nilichagua nini, nini kilinivuta, na neno gani kwenye swali nililiruka. Wiki ya tatu nikageuza kurasa nikakuta aibu: karibu kila kosa ni lilelile. Nakimbilia bosi kabla ya kuongea na mhusika. Faili la maswali 1,400 halikuwahi kuniambia hilo, maana lilikuwa na herufi ya jibu tu, imekolezwa njano.

Mwishoni nilifanya mitihani kamili mitatu kwa saa ya ukutani, pamoja na yale mapumziko mawili ya dakika kumi kumi. Ukishafunga sehemu ukaenda kupumzika, maswali ya nyuma huyaoni tena, kwa hiyo zoea kuachana nayo.

Vitabu? Mimi nilisoma PMBOK toleo la saba, la 2021, lenye kanuni 12; wewe angalia kwanza kama kuna toleo jipya zaidi, ulisome, usilikariri. Saa 35 chukua darasa lolote linalotoa cheti cha saa hizo, ukitunze, maana maombi yako yanaweza kuchaguliwa kukaguliwa.

Fungua faili lako sasa hivi, swali lolote la katikati. Chini ya jibu kuna maelezo, au kuna herufi tu? Rudi utuambie.